GASKETI IKIUNGUA, MSIFUNGE HEDI KABLA YA KUTAZAMA SITI ZA VALVU



Gari dogo la zamani likianza kunywa maji kila siku, likatoa moshi mweupe asubuhi na kuchemka mlimani, fundi hufungua boneti, hutazama kifuniko cha oili, kisha husema neno moja: gasketi. Mara nyingi husema kweli. Lakini liko swali la pili ambalo mwenye gari huwa halijui, na fundi mwenye haraka hapendi kuulizwa: hedi ikishafunguliwa, kitatengenezwa nini kingine kabla haijafungwa?

Swali hili ni la fedha. Gasketi yenyewe si kitu cha bei kubwa. Fedha inakwenda kwenye saa za kazi: kumwaga maji, kutoa kabureta na bomba la moshi, kufungua roka, kuinua hedi, kusafisha, na kurudisha vyote. Ukiirudia kazi hiyo mara mbili umelipa mara mbili, na mshahara wa kiwandani au wa kuchuma chai haungoji. Kwa hiyo siku hedi iko juu ya meza ndiyo siku ya kuiboresha, maana saa za kufungua umekwisha kuzilipa.

Nitazungumza juu ya injini moja niifahamuyo tangu nilipokuwa karakana ya kiwanda cha chai, kabla sijapewa kazi ya kuandikisha wanachama. Ni injini ya Waingereza iitwayo A-series. Ilitoka mwaka 1951 katika Austin A30 ikiwa na cc 803, ikakuzwa ikawa 948 mwaka 1956, halafu 1098 mwaka 1962, na 1275 mwaka 1964. Ndiyo iliyotiwa katika Morris Minor na Mini, na haikuachwa mpaka Mini ya mwisho ilipotoka kiwandani Oktoba 2000. Wenzetu wa Longbridge, Birmingham, waliiunda miaka yote hiyo, na mwaka 1979 kiongozi wa wawakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda hicho, Derek Robinson, alifukuzwa kazi kwa sababu ya kijitabu cha kupinga mpango wa kufunga viwanda. Hiyo ni habari ya siku nyingine. Morris Minor chache bado zinabeba mizigo katika nchi zetu hizi, na mengi nitakayosema yanafaa pia kwa injini nyingine za zamani zenye hedi ya chuma cha kusubu.

Upande wa Kericho, nchini Kenya, wako wafanyakazi sita wa shamba la chai waliochanga wakanunua Morris Minor pikapu ya cc 1098 ili kupeleka mboga sokoni siku za mapumziko. Gasketi iliungua. Gereji moja ya mjini ikaweka mpya. Baada ya miezi minne ikaungua tena, gereji ikaweka nyingine, na baada ya miezi minne mingine gari likasimama mlimani na kabichi zikaozea barabarani. Mmoja wao alinieleza mazungumzo yalivyokuwa:

"Fundi, hedi imenyooka kweli?"

"Mzee, hiki ni chuma. Chuma hakipindi."

Chuma kinapinda, ndugu zangu. Injini ikichemka sana hedi hujikunja kwa kiasi ambacho jicho halioni, na gasketi mpya ikiwekwa juu ya uso uliopinda haina pa kukamata. Katika injini hii sehemu dhaifu ni katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi ina milango mitano tu upande mmoja: miwili ya kuingizia hewa na petroli, mitatu ya kutolea moshi. Silinda ya pili na ya tatu zinatumia mlango mmoja wa moshi, kwa hiyo moto wote unakusanyika pale. Ukipima mgandamizo, ambao mafundi huuita komprisheni, ukakuta silinda mbili zilizo jirani ziko chini pamoja na zile nyingine ni nzuri, basi gasketi imeungua baina yao.

Namna ya kuipima hedi ni rahisi. Safisha uso, weka rula nzito ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha jaribu kupitisha chini yake vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi viitwavyo fila. Kibamba cha mm 0.05 kikipita, hedi iende ikasagwe kwenye mashine. Isisagwe kwa msasa uliozungushiwa ubao, kama nilivyoona watu wakifanya, kwa maana hapo mnaongeza mabonde tu. Na uso wa bloku pia upimwe. Pale zinapoingia stadi chuma cha bloku huvutwa juu kidogo kama kichuguu, na kichuguu hicho kinatosha kuinua hedi.

Kabla ya kulipa pesa ya mashine, tafuteni ufa. Wazee wa karakana walikuwa na njia isiyohitaji umeme. Paka mafuta ya taa katika vyumba vya hedi, hasa kwenye kile chuma chembamba kilicho kati ya valvu ya kuingiza na valvu ya kutoa, subiri, futa mpaka pakauke kabisa, kisha paka chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki. Hedi yenye mstari huo msiitie fedha, tafuteni nyingine.

Sasa tuje kwenye siti za valvu, ambazo ndizo zilizonifanya niandike.

Siti ni ile duara ambayo valvu inakalia inapojifunga. Katika hedi hizi za zamani siti haikuwa kipande cha peke yake. Ilichongwa katika chuma kilekile cha hedi, ambacho ni laini. Waliozitengeneza hawakuwa wajinga. Walijua kwamba petroli ya wakati wao ilikuwa na risasi, na risasi ile ilipoungua iliacha utando mwembamba juu ya siti. Utando huo ulizuia valvu ya moshi, iliyo nyekundu kwa moto, isigandamane na siti. Bila utando, kila valvu inapopiga siti hushikana nayo kidogo na kung'oa chembe ndogo ya chuma. Inapiga mara elfu kwa dakika na zaidi, na siti inaliwa. Valvu huzama ndani ya hedi, nafasi ya tepeti hupungua mpaka inakwisha, valvu haifungi tena vizuri, moto unapita pembeni yake, na mwisho huungua ukingo. Mwenye gari husema injini imechoka.

Risasi hiyo ina historia inayotuhusu sisi wafanyakazi. Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake wa kampuni ya General Motors, mjini Dayton katika Marekani, waligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Standard Oil cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano walikufa kwa sumu ya dawa hiyo, baada ya kurukwa na akili kiasi cha kufungwa nguo za kuwazuia. Wengine zaidi ya thelathini waliugua. Wenzao walikwisha kuiita gesi ya wazimu. Mwezi huohuo Midgley aliwaita waandishi wa habari akainawa dawa ile mbele yao na kuinusa ili kuonyesha kwamba haina madhara, ingawa mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alipumzishwa kazi kwa kudhuriwa na risasi. Petroli hiyo ikaendelea kuuzwa duniani kwa miongo mingi, na watoto waliokaa karibu na barabara wakaivuta, nayo risasi hudhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima.

Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikwisha kuondolewa katika vituo vya eneo letu. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Hakuna mfanyakazi atakayeililia. Ila magari ya zamani yalibaki na siti zilezile laini, na hakuna aliyepita mashambani kuwaeleza wenye magari hayo.

Dawa yake ni hii. Hedi ikiwa mezani, ipelekwe kwa mkerezaji mwenye mashine nzuri. Akate siti nne za valvu za moshi na kupachika pete za chuma kigumu, zikaze kwa nguvu bila kulehemu. Siti za kuingizia hazihitaji, kwa sababu hewa na petroli baridi huzipoza. Pamoja na pete hizo ziwekwe valvu nne mpya za moshi zilizotengenezwa kwa petroli isiyo na risasi. Mkerezaji awe mtu anayeijua hedi hii, kwa maana akikata kwa kina kupita kiasi atatoboa njia ya maji, na hapo hedi imekufa. Muulizeni kabla ya kumpa: "Fundi, umeshawahi kutia siti katika hedi ya Morris?" Akijibu kwa hasira, nendeni kwa mwingine.

Kama fedha haikutosha? Nasema wazi, siti haziliwi kwa mwendo uleule katika kila gari. Linalokwenda polepole mahali tambarare huweza kukaa miaka mingi. Kinachozila upesi ni mzigo mzito, mlima mrefu na injini kuzunguka kwa kasi muda mrefu. Pikapu ya kabichi za Kericho inapata yote matatu. Wale ndugu sita niliwashauri wakose hata matairi mapya mwezi ule lakini watie siti, nao wakatia.

Hapa huja vishawishi. Kijana wa gereji atawaambia: "Kwa kuwa mmefungua, wekeni hedi kubwa, gari litaruka." Hakosi kabisa. Hedi za injini hii zina namba zilizosubiwa juu yake. Hedi ya kawaida ya cc 1098 ni 12G202, ambayo valvu yake ya kuingizia ni mm 29 na kitu. Iko 12G295, iliyotoka katika MG 1100, yenye valvu ya mm 31. Na iko 12G940 ya injini ya 1275, yenye valvu ya mm 33. Injini inayovuta hewa zaidi hutoa nguvu zaidi. Morris Minor ya 1098 ilikuwa na nguvu za farasi 48, na MG 1100 yenye ukubwa uleule wa injini ilikuwa na 55, ingawa hiyo ilikuwa na kabureta mbili pia.

Lakini pigeni hesabu. Cc 1098 gawanya kwa silinda nne unapata 274 na nusu. Mgandamizo wa 8.5 maana yake ni kwamba pistoni ikifika juu kabisa nafasi iliyobaki ni cc 36.6. Katika hizo, chumba cha hedi ya 12G202 ni kama 26, na zinazosalia ziko katika gasketi na kibakuli cha pistoni. Ukiweka 12G295, chumba chake ni cc 28 na kidogo, nafasi inafika karibu 39, na mgandamizo unashuka kwenye 8. Umenunua hedi kubwa ukapoteza sehemu ya faida yake, mpaka uisage ili chumba kipungue. Anayetaka kuiweka apime chumba kwa bomba la sindano na mafuta ya taa chini ya kioo chenye tundu, halafu aagize isagwe kwa hesabu, si kwa kukisia. Na zilikuwako injini za mgandamizo wa 7.5 zilizotengenezwa kwa nchi zenye petroli duni, kwa hiyo jueni kwanza mnayo ipi.

Ile 12G940 sikushauri kwa gari la kazi. Valvu yake ya moshi ni kubwa na inagonga ukingo wa bloku ya 1098. Ni lazima bloku ichimbwe vishimo, na kuchimba bloku ikiwa bado ndani ya gari ni kumwaga chembe za chuma katika silinda. Afanye hivyo mwenye kushindana. Kwa mfanyakazi, hedi yake ya zamani iliyonyooshwa, yenye siti ngumu na valvu zilizosagwa vizuri kwa dawa mpaka zikaonyesha pete ya kijivu pande zote, ndiyo maendeleo. Gari la namna hiyo huondoka asubuhi bila kusukumwa.

Sasa jambo la mapafu. Gasketi nyingi za zamani zilikuwa na shaba nje na asbesto ndani. Fundi akiinua hedi, mabaki hubakia yameshika, na kazi ya kuyakwangua hupewa mdogo kuliko wote, yule kijana anayejifunza. Anachukua burashi ya waya, anasugua, halafu anapuliza kwa mashine ya upepo. Vumbi linajaa gereji na yeye analivuta. Nyuzi za asbesto hazitoki mapafuni. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini, Wagner na wenzake wawili, walieleza habari za wagonjwa 33 wenye saratani ya utando wa mapafu, karibu wote watu waliofanya kazi au kuishi karibu na machimbo ya asbesto ya kaskazini magharibi ya Jimbo la Cape. Ugonjwa huo hutokea miaka ishirini, thelathini, hata arobaini baadaye, wakati mwenye gereji amekwisha kusahau jina la kijana.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto zote mwaka 1999. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 162 juu ya asbesto mwaka 1986, na Uganda iliuridhia mwaka 1990. Mkataba ni karatasi mpaka mtu auseme gerejini. Kwa hiyo, gasketi ya zamani iloweshwe maji na isiachwe ikauke. Ikwanguliwe kwa kipande butu, si kwa burashi ya waya wala mashine inayozunguka. Upepo usitumike kamwe. Mabaki yatiwe katika mfuko wa plastiki na kufungwa yakiwa yamelowa, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Msipitishwe na maneno kwamba gasketi za siku hizi hazina asbesto, kwa sababu mnayoikwangua si ya siku hizi. Katika karakana za mashamba na viwanda, ambako kuna jenereta na pampu za miaka mingi, wawakilishi wetu walitie jambo hili katika ajenda ya kamati, na mwajiri ndiye anunue vifaa vya kujikinga.

Nimalizie na kufunga. Kati ya hedi na pampu ya maji pana hozi fupi sana, mafundi huiita baipasi. Haizidi kidole kwa urefu, na hedi ikiwa mahali pake ni taabu tupu kuibadilisha. Bei yake ni ndogo mno. Wekeni mpya sasa, kwa maana hozi hiyo ikipasuka mwezi ujao mtachemsha injini na kurudi mlikotoka. Wale wa Kericho, katika matengenezo yote mawili ya kwanza, hakuna aliyeigusa. Na themostati isitupwe kwa imani kwamba nchi ya joto haiihitaji.

Gasketi mpya imeandikwa TOP upande unaotazama juu na FRONT upande wa mbele, ifuateni. Nati za hedi ni tisa, na nne kati yake ndizo zinazoshika pia nguzo za roka, kwa hiyo msizilegeze hizo peke yake maji yakiwa bado ndani. Zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa zamu tatu, kwa spana ya kupimia mkazo, mpaka paundi-futi 40, ambazo ni karibu Nm 54. Asiye na spana hiyo aiazime. Mkono wa fundi hodari si kipimo.

Tepeti ziwekwe inchi 0.012, yaani mm 0.30, injini ikiwa baridi. Hesabu yake ni ya tisa: valvu ya nane ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya kwanza, ya sita ikifunguka, rekebisha ya tatu, na hivyo hivyo, namba mbili zikijumlishwa ziwe tisa kila mara. Baada ya kama kilomita 500, nati zikazwe tena injini ikiwa baridi, kisha tepeti zipimwe upya, kwa sababu ukikaza nati nafasi hubadilika. Andikeni katika daftari nafasi mliyoikuta kwa kila valvu kila mnapopima. Za moshi ni ya kwanza, ya nne, ya tano na ya nane. Mojawapo ikizidi kupungua kila mara, siti yake inaliwa.